TAPAS: kipimo cha haiba ambacho ni vigumu kukidanganya

Fomu za haiba zinazogawiwa kwenye usaili wa walinzi na madereva hapa Dar es Salaam zina ugonjwa mmoja: ukimuuliza mwombaji kama ni mchapakazi, atajibu ndiyo. Wote watajibu ndiyo. TAPAS (Tailored Adaptive Personality Assessment System), ambayo Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kuwapima nayo waombaji mwaka 2009, imeutibu ugonjwa huo vizuri kuliko fomu za kawaida za kukubali na kukataa.

Mwombaji huoneshwa kauli mbili, mathalani "Nguo zangu hukaa kwa mpangilio" na "Hata nikichokozwa hutulia", achague inayomfaa zaidi. Kauli hizo hupimwa mvuto wake mapema, zikaoanishwa zile zinazopendeza sawa lakini zinagusa sifa tofauti, ili jibu la kujipendekeza lisiwepo. Toleo la jozi 120 huchukua kama nusu saa. Kila jibu likiingia, kompyuta hukadiria alama upya na kutafuta jozi itakayofichua zaidi, kwa hiyo kuangalizia kwa jirani hakusaidii.

Uhodari wake mkubwa umejificha. Vipimo vingi vya kuchagua kimoja kati ya viwili humlinganisha mtu na nafsi yake tu: unajua nidhamu yake inazidi ucheshi wake, hujui kama inazidi ya mwenzake. TAPAS huchanganya jozi chache ambazo kauli zote mbili ni za sifa moja, na hizo ndizo zinazoweka kizio cha pamoja. Bila hizo usipange watu kwa alama.

Ubashiri wake una nguvu kwenye juhudi, nidhamu na kubaki kazini. Kwenye ujuzi wa kazi ni hafifu. Ndiyo maana Wamarekani huitumia sambamba na mtihani wa uwezo, ASVAB.

Mwajiri wa hapa aige muundo, asinakili kauli. Kauli kama "Naenda jimu kila wiki" itamwangusha mbeba mizigo wa Kariakoo mwenye misuli ya chuma. Andikeni kauli zenu, zipimwe mvuto na watu wa hapa, kisha zijaribiwe kwa mamia ya waombaji kabla alama haijaamua lolote. Aliyebonyeza upande mmoja mwanzo hadi mwisho, au kumaliza kwa dakika tano, arudie. Kwa kumpangia mtu kituo, getini au chumba cha kamera, tunakipendekeza kipimo cha namna hii. Kumkataa kwa alama hizo peke yake, hapana.