Kibanda cha mbio za magari, Chang'ombe Dodoma

Mafundi wenzangu wa Dodoma, kuna kibanda umiza Chang'ombe ambacho siku nyingine ni mpira tu, lakini Jumatatu usiku kinaweka mbio za magari za Marekani, zile za mstari ulionyooka wa robo maili, kama mita 402. Kiingilio ni 500. Joto la bati halitoki mapema, ila nendeni.

Kinachonipeleka ni mwenye kibanda. Anasimamisha picha na kueleza, tena hapendi yale madude yanayotema moto, anapenda madaraja ya watu wanaokimbia kwa mapenzi yao, Stock na Super Stock. Humo gari hupangwa kwa uzito wake ukilinganishwa na nguvu farasi ambazo chama chao, NHRA, kimeikadiria injini, na kila daraja lina muda wake wa kipimo. Ukishuka mbali chini ya muda huo, injini yako inaweza kuongezewa farasi kwenye makaratasi: ubebe uzito zaidi, au uhamie daraja lenye kipimo kikali zaidi. Na wenye gari na injini kama yako wanaongezewa pia, hata kama hawakukimbia siku hiyo.

Juzi alisimamisha Camaro ya zamani karibu na mstari wa mwisho. Pua imeinama, springi za mbele zimebonyea, mpinzani yuko mbali nyuma. Dereva anakanyaga breki huku anashinda! Iliniuma. Fundi umekesha na kichwa cha injini, halafu sheria inakulipa kwa kuificha kazi yako. Jamaa wa bodaboda pembeni akanijibu, "Kaka, bila hiyo kila wiki ni wenye hela tu." Hapo sina ubishi naye, ila adhabu ya mmoja kuwaangukia wengine siikubali hata kidogo.

Raha yangu ni U.S. Nationals, mashindano makubwa ya NHRA kule Indianapolis. Kule magari ya daraja moja hugombea ubingwa wa daraja lao kwa kuondoka pamoja, hakuna kumtanguliza mtu. Heshima ya taji hilo inawafanya wengi waachie injini yote, farasi wa kuongezewa watajua baadaye.

Kasoro moja kubwa: anakata picha kabla ubao wa muda haujasomeka, na mbio hizi bila muda hujaona kitu. Nimemwambia, ameahidi kurekebisha. Fikeni kabla ya saa mbili, maana mabenchi ya nyuma nguzo inaziba nusu ya skrini.