Research4Life: huduma ya majarida kwa watafiti wa afya na mazingira

Mtafiti anayechunguza uhusiano kati ya moshi wa kuni jikoni na nimonia ya watoto hukwama mapema, kwa kuwa makala nyingi za kitaalamu hazisomeki mpaka zilipiwe, tena kwa dola. Research4Life ilianzishwa kuziba pengo hilo. Ilianza na Hinari, iliyozinduliwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka uliofuata ikaja AGORA ya kilimo, na mwaka 2006 OARE ya mazingira, inayosimamiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwekwa pamoja kwa fani hizo, kwa sababu suala la moshi halikai katika fani moja: daktari huandika kuhusu mapafu, mwanamazingira kuhusu chembechembe hewani, na mwanasosholojia kuhusu nani hukaa karibu na mafiga. Taasisi za nchi zenye kipato cha chini kabisa hazilipi chochote, na za kundi la pili, yaani nchi zenye kipato cha juu kidogo, hulipa ada ndogo.

Kasoro zipo. Usajili ni wa taasisi pekee, hivyo mtafiti asiye na chuo wala hospitali hubaki nje, na wachapishaji wana hiari ya kutozifungulia baadhi ya nchi majarida yao. Asiyeijua nywila ya kuingilia huduma hii amwone mkutubi wake kwanza, kwani huenda taasisi yake imekwisha kusajiliwa.