AzuraCast kwa redio inayobanwa na bili: inachookoa, na mahali matangazo yanapopotea

Redio nyingi zinazoyumba hazikukosa wasikilizaji. Zimebanwa na bili ya umeme wa mtambo, kodi ya mnara na mishahara ya zamu ya usiku, vitu vinavyodai kila mwezi bila huruma, wakati fedha za matangazo zinaingia kwa kusuasua. Mteja naye akiuliza tangazo lake lilirushwa saa ngapi, hakuna wa kumjibu kwa karatasi. Kwa hiyo tumeipima AzuraCast kwa maswali mawili: inapunguza gharama gani, na inamsaidiaje meneja kulipwa kwa kila tangazo lililokwenda hewani? Uzuri wa kurasa zake ni jambo la baadaye.

AzuraCast ni programu huria ya kuendesha redio kupitia intaneti, na haina ada ya leseni. Ndani yake kuna Liquidsoap, inayochagua na kuunganisha sauti, na Icecast, inayoigawa sauti hiyo kwa wasikilizaji. AzuraCast yenyewe ndiyo usukani, na unaushika kwenye kivinjari cha kawaida. Orodha za nyimbo, akaunti za watangazaji, ripoti, podikasti na kichezeshi cha kubandika kwenye tovuti vyote viko hapo. Seva moja inabeba vituo zaidi ya kimoja, kwa hiyo redio inayotaka kufungua chaneli ya pili ya michezo au ya nyimbo za zamani haihitaji kukodi seva nyingine.

Kuisimamisha

Unahitaji seva ya Linux ya biti 64. Kumbukumbu ya GB 2 inatosha kuanzia, ila tunashauri GB 4. Tengeneza folda /var/azuracast, pakua humo faili la docker.sh, lipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha andika ./docker.sh install. Likimaliza, fungua anwani ya seva kwenye kivinjari na utengeneze akaunti ya msimamizi. Fundi aliyezoea Linux hatatoka jasho. Asiyeizoea atafute wa kumsaidia siku hiyo moja, kwa sababu kazi za kila siku baada ya hapo hazihitaji fundi.

Makosa matatu hurudi tena na tena, na yote hutokea wiki ya kwanza.

La kwanza ni saa. Seva nyingi huja zikiwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Usipoweka ukanda wa saa wa kituo chako kwenye mipangilio ya kituo, tangazo la asubuhi litaruka kwa kuchelewa, kwa Afrika Mashariki saa tatu nzima, wakati wateja wake wameshakwenda kazini. Kumbuka pia kwamba ratiba inasoma saa 24: kipindi cha saa 1 asubuhi kinaandikwa 07:00, si 1:00. Mwenye kuweka ratiba akichanganya hapo, mfumo hautamwonya. Utatii tu.

La pili ni diski. Kima cha chini kinachotajwa ni GB 20, lakini wimbo wa dakika 4 wa kilobiti 192 kwa sekunde unakula karibu MB 5.8, hivyo nyimbo 5,000 peke yake ni takriban GB 29. Ukiwasha kurekodi vipindi vya mubashara kwa kilobiti 128, saa 6 kwa siku zinaongeza kama GB 10 kila mwezi. Diski ikijaa, hifadhidata inashindwa kuandika na kituo kinasimama. Anza na GB 100, na mpe mtu mmoja jukumu la kuhamisha rekodi za zamani kila mwisho wa mwezi.

La tatu ni ukimya usioeleweka kwenye tovuti. Tovuti yako ikiwa ya https huku sauti ikitoka kwenye anwani ya http yenye mlango (port) wa 8000, kivinjari kinaweza kuizuia, na msikilizaji anaona kitufe kisichotoa kitu. Mitandao ya maofisini nayo mara nyingi hufunga mlango huo. Dawa ni moja: weka cheti cha usalama, kisha washa mpangilio unaopitisha sauti kwenye mlango wa kawaida wa tovuti, yaani 443. Usiache hili kwa kisingizio kwamba kwenye simu yako inasikika.

Hesabu ya data, ambayo wengi hawaifanyi

Mtambo wa FM unatumia umeme uleule wakisikiliza watu 10 au watu laki moja. Intaneti sivyo: kila msikilizaji ni nakala yake mwenyewe ya sauti, na kila nakala inahesabiwa. Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unatumia MB 28.8 kwa saa kwa msikilizaji mmoja. Wasikilizaji 200 kwa wastani, usiku na mchana kwa siku 30, ni takriban TB 4.15 kwa mwezi. Kwa kilobiti 128 mzigo unakuwa maradufu, TB 8.3. Kabla ya kusaini mkataba wa seva, soma kiasi cha data kilichomo na kinachotokea ukikivuka.

AzuraCast inakuruhusu kutoa mikondo kadhaa kwa pamoja. Ushauri wetu ni AAC+ (namna ya kubana sauti inayotumia data kidogo) ya kilobiti 64 kama mkondo mkuu, na MP3 ya kilobiti 128 kwa vifaa vya zamani. Kwa spika ndogo ya simu, AAC+ ya 64 inaridhisha kabisa, na msikilizaji anayelipia bando lake atakaa nawe muda mrefu zaidi. Kukaa huko ndiko unakouza kwa mdhamini. Angalia pia kikomo cha wasikilizaji kwenye mipangilio ya kituo. Kikiachwa kidogo, siku ya mechi kubwa wanaochelewa kuingia watafungiwa nje bila wewe kujua.

Matangazo: hapa ndipo penye fedha

Orodha za nyimbo zina aina kadhaa: ya mzunguko wa kawaida, ya kila baada ya nyimbo kadhaa, ya kila baada ya dakika kadhaa, na ya mara moja kwa saa katika dakika unayoichagua. Kwa matangazo ya biashara, hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Tatizo ni kwamba orodha ya mara moja kwa saa hutoa faili moja tu kila zamu yake inapofika. Ukiweka matangazo manne ndani ya orodha moja ukitegemea mapumziko ya dakika 2, litaruka moja na matatu yatangoja.

Wengi hulitatua hilo kwa kuyaunganisha matangazo manne kuwa faili moja. Hewani linasikika vizuri, lakini kwenye ripoti linaandikwa jina moja tu, na hapo umeupoteza ushahidi wa kila mteja. Fanya hivi: kila tangazo lipewe orodha yake, na orodha zote zielekezwe dakika ileile, tuseme ya 20. Lipe faili jina linalosomeka, nje na kwenye maelezo yake ya ndani ambayo ripoti huyasoma, lenye jina la mteja, toleo na tarehe ya mwisho wa mkataba. Orodha iwekewe tarehe ya kuanza na ya kuisha, ili tangazo ambalo mkataba wake umekwisha lisiendelee kuruka bure wiki tatu zaidi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulitoa.

Usiuze sekunde. Mfumo hupanga foleni mapema, na wimbo unaochezwa huachwa umalizike, kwa hiyo tangazo la dakika ya 20 linaweza kuingia dakika ya 22 au 24. Yapo machaguo ya juu yanayokata wimbo katikati ili ratiba iheshimiwe, na yanafaa kwa taarifa ya habari. Kwa matangazo yanaharibu usikivu. Andika kwenye mkataba "kati ya saa 1:15 na saa 1:30 asubuhi" na utakuwa mkweli kila siku.

Ripoti ya historia inaonyesha kila kilichochezwa na saa yake, na inapakuliwa kama jedwali. Chukua mteja aliyenunua matangazo 6 kwa siku kwa siku 20: anadai 120. Unachuja jedwali kwa jina la tangazo lake, unahesabu mistari, unapata 116. Manne yamekosekana, na unajua siku gani na saa ngapi. Mpelekee ripoti pamoja na tarehe za kufidia hayo manne kabla hajauliza. Mteja anayepewa karatasi ya namna hiyo hulipa mapema kuliko anayepewa ankara tupu, na akija kujadili mkataba wa pili hana hoja ya kuomba punguzo. Kwa redio ndogo, hiki ndicho kipengele tunachokithamini kuliko vyote.

Lakini AzuraCast si programu ya mauzo. Haitengenezi ankara, haijui mkataba, wala haitazuia wateja wawili wa biashara ileile kufuatana kwenye mapumziko mamoja. Hayo yote yanabaki kwenye jedwali la mtu wa matangazo.

Udhaifu mkubwa: saa za mubashara

Mtangazaji huunganishwa kwa programu ya BUTT au Mixxx, zote za bure. Kwenye BUTT chagua aina ya Icecast, weka anwani ya seva, mlango ulioandikwa kwenye ukurasa wa watangazaji (mara nyingi 8005 kwa kituo cha kwanza), jina na nenosiri la akaunti yake, na alama ya / kama sehemu ya kuunganishia (mountpoint). Mwaka 2020 baadhi ya studio zilipofungwa kwa ajili ya korona, njia za aina hii ndizo zilizowawezesha watangazaji kufanya vipindi wakiwa nyumbani. Hadi leo zinamwezesha mwandishi aliye uwanjani kuingia hewani kwa laptopu na maiki ya USB.

Sasa sikiliza vizuri. Mtangazaji akishaingia mubashara, orodha zote za mfumo zinakaa kando, yakiwemo matangazo yako. Mfumo hautapenyeza tangazo la dakika ya 20 katikati ya kipindi chake. Na kipindi cha asubuhi, chenye bei kubwa kuliko vyote, kwa kawaida ndicho cha mubashara. Redio ikihamia AzuraCast bila kulijua hili, inaweza kupoteza matangazo ya saa zake bora mwezi mzima na kuligundua siku ya kuandaa ripoti.

Njia inayofanya kazi ni mtangazaji kuyacheza mwenyewe kutoka Mixxx, akiwa na folda ya matangazo ya siku hiyo iliyopangwa kwa mapumziko. Mixxx hutuma jina la kinachochezwa pamoja na sauti, hivyo majina yanafika kwenye historia iwapo faili zimeandikwa jina vizuri ndani yake. Washa pia kurekodi mubashara, ili mteja akibisha uweze kumsikilizisha tangazo lake. Fanya jaribio la saa moja na uhakikishe kila tangazo limeonekana kwenye ripoti kabla ya kusaini mkataba wowote.

Jambo jingine la mubashara ni ukimya. Intaneti ya mtangazaji ikikatika, mfumo unarudi kwenye nyimbo wenyewe baada ya sekunde chache, na hilo linafanyika vizuri. Lakini maiki ikizimwa huku muunganisho ukiwa hai, kwa mfumo mtangazaji bado yupo, na hewani hakuna kitu. Liquidsoap ina kitendaji cha blank.strip cha kuukwepa mkondo uliokaa kimya. Mwombe fundi akiongeze kwenye usanidi, na kikomo kiwe sekunde 20 hivi, vinginevyo mtangazaji akinyamaza kidogo tu atakatwa.

Usiku, FM na takwimu

Kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri, hapa programu inajilipa. Nyimbo, jingo, matangazo na vipindi vilivyorekodiwa vinakwenda bila mtu wa zamu. Tahadhari ni kuweka uzito wa orodha (ipi ichezwe mara nyingi zaidi) na kuwasha kizuizi cha kurudia wimbo au msanii, la sivyo msikilizaji wa usiku atasikia wimbo uleule mara tatu. Aliyekuwa akikaa zamu ya usiku mhamishie mchana akate vipindi kuwa podikasti. AzuraCast ina sehemu ya kuzichapisha, na kipindi kilichoruka mara moja kinaweza kutafutiwa mdhamini wa pili.

Ukitaka kulisha mtambo wa FM kwa mkondo huu badala ya kiungo cha redio kati ya studio na mnara, inawezekana, ila sauti itachelewa kwa sekunde kadhaa na mlio wa saa utakuwa wa uongo. Pale kwenye mnara weka kifaa cha kupokelea kinachoweza kuhamia kwenye USB yenye nyimbo intaneti ikikatika. Usihamie bila kifaa hicho.

Takwimu za wasikilizaji zitumie kwa uangalifu. Simu iliyoachwa wazi studio mchana kutwa inahesabika kama msikilizaji, na roboti za kwenye intaneti hugusa mkondo kwa sekunde chache na kuondoka. Mwonyeshe mdhamini wastani wa wasikilizaji kwa saa na muda wanaokaa, si jumla ya miunganisho. Jumla ni tarakimu kubwa, lakini haina kitu ndani.

Haki za muziki nazo zina utaratibu wake: kibali cha kucheza nyimbo kwenye FM si lazima kifunike intaneti, na podikasti yenye nyimbo nzima huwa ni suala jingine tena. Uliza taasisi ya haki miliki kwa maandishi kabla ya kuzindua.

Tunaipendekeza kwa redio yenye wafanyakazi wachache, saa nyingi za muziki na mtu mmoja makini wa matangazo. Kituo cha mazungumzo ya mubashara kutwa nzima hakitaona nafuu kubwa. Ukiamua kuhama, endesha mfumo wa zamani na huu kwa pamoja siku 14, linganisha ripoti za matangazo kila jioni, na fanya chelezo (nakala ya akiba) kwa ./docker.sh backup, kisha uihifadhi kwenye mashine tofauti. Kagua kama faili za sauti zimo au ni mipangilio pekee, kwa sababu mipangilio bila nyimbo haikurudishi hewani.