Begi la huduma ya kwanza la gari: linafaa mikwaruzo, si ajali ya boda

Begi hili jekundu la zipu, lenye msalaba mweupe, utalikuta kwenye maduka ya vifaa vya magari Kariakoo na kwingineko Dar es Salaam, likiwa na majina tofauti na karibu vitu vilevile ndani. Lebo hujisifu kwa idadi ya vipande. Fungua uhesabu: plasta ndogo zimehesabiwa moja moja, pini nazo hivyohivyo, na vijiti vya pamba pia. Kwa mtoto aliyechubuka goti, linatosha kabisa. Kwa abiria wa boda aliyeburuzwa kwenye lami ya Barabara ya Mandela, karibu kila kinachohitajika katika dakika tano za kwanza hakimo.

Tatizo kubwa liko kwenye damu. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi, na ateri ya paja ikikatika anaweza kufa kabla hata ya kupatikana gari la kumbeba. Ndani ya begi, kazi hiyo imeachiwa mpira mwembamba wenye kifungo, uleule wa maabara wa kufungia mkono wakati wa kutoa damu ya vipimo. Mpira huo umeundwa kuzuia vena tu ili mshipa ujae. Ukiufunga juu ya jeraha, ateri inaendelea kusukuma damu chini wakati njia ya kurudi imezibwa, kwa hiyo jeraha linaweza kuvuja zaidi kuliko lilivyokuwa. Utoe kabisa, usije ukamdanganya mtu.

Kinachotakiwa ni mkanda halisi wa kuzuia damu, wenye upana wa karibu sentimita 4 na fimbo ya kusokotea. Unaojulikana zaidi ni CAT, na ndio unaoigwa kuliko yote. Kwenye nakala za bei ya chini vitu vitatu huharibika: fimbo ya plastiki hupinda kabla damu haijasimama, kishikizo cha fimbo huvunjika, na sehemu ya kunatana huachia ikishika vumbi au damu. Kabla ya kulipa, usokote kwenye paja lako. Fimbo ikipinda, mrudishie muuzaji. Ukipita mtihani, huo ubaki wa mazoezi, na mwingine ukae kwenye begi ukiwa haujakazwa hata mara moja.

Unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti au kiwiko chenyewe. Toa kwanza simu na funguo mfukoni. Vuta mkanda hadi usipitishe vidole, ndipo usokote fimbo mpaka damu ikome na mapigo ya kifundo cha mkono au mguu yapotee. Majeruhi atapiga kelele, kwani maumivu yake ni makali. Usilegeze kwa huruma. Paja nene linaweza kuhitaji mkanda wa pili, ufungwe pembeni ya wa kwanza, upande wa nyonga. Andika saa kwenye ngozi au kwenye mkanda wenyewe. Kwa kawaida kiungo huvumilia saa 2, muda ambao foleni ya kutoka Mbagala inaweza kuula kiasi chake, kwa hiyo saa iliyoandikwa ina kazi. Mkanda wa suruali haufai, maana haukaziki vya kutosha. Bora kanga iliyokunjwa kwa upana wa vidole vitatu na kijiti imara, ingawa hata hiyo hushindwa mara nyingi.

Kinena na kwapa havifungiki. Hapo hujazwa gozi, kitambaa chepesi cha vidonda: sukuma kwa kidole hadi pale damu inapotokea, jaza mpaka shimo lishibe, kisha kandamiza kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Gozi za begini ni vipande vinne au vitano vya mraba, havijazi hata shimo la kisu. Ongeza roli tatu za upana wa sentimita 10 na bandeji mbili za kuvutika. Pamba haina kazi hapa, nyuzi zake hung'ang'ania kwenye kidonda. Kifua na tumbo visijazwe chochote. Jeraha la kifua linalovuta hewa liachwe wazi kuliko kuzibwa na plastiki isiyo na pa kutolea hewa.

Mkasi wa begini hukata plasta, lakini haukati jinzi. Nunua ule wa ncha butu wa kukatia nguo. Glavu jozi moja haitoshi, weka jozi nne, za nitraili, kwa sababu za mpira hunata na kupasuka kwa joto la gari lililoegeshwa juani. Spiriti huunguza nyama iliyo wazi. Mchubuko unahitaji maji safi na sabuni, na aliyeungua anahitaji maji ya bomba dakika 20, si dawa ya meno.

Kitu kimoja kwenye baadhi ya mabegi kinastahili sifa: blanketi la foili. Watu huliacha wakidhani ni la nchi za baridi. Aliyepoteza damu hupoa hata Dar, hasa usiku wa mvua, na mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu vizuri. Mvue nguo zilizolowa, mfunike.

Gango la kushikizia mfupa uliovunjika halimo, wala si hasara: boksi gumu na vitambaa viwili vinatosha, mradi ushikize kiungo cha juu na cha chini ya mfupa uliovunjika, na ukague mapigo na hisia za vidole kabla na baada ya kufunga. Paja lililovunjika linaweza kumeza lita nzima ya damu bila tone kuonekana nje, kwa hiyo huyo asikunjwe kwenye bajaji.

Bei ya begi ni ya mfuko na zipu zaidi kuliko dawa. Linunue kama mfuko, kisha ulijaze upya. Liweke chini ya kiti, kwa kuwa buti likigongwa kwa nyuma halifunguki. Weka na kalamu ya wino usiofutika, na hospitali utaje saa ya mkanda kabla ya kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.