Kozi fupi ya picha mjini Kigoma: nilichopata kwa ada niliyolipa

Watu kadhaa wameniuliza kama ile kozi ya kupiga picha inayotolewa na chuo kimoja cha ufundi hapa Kigoma mjini ina maana yoyote au ni hela ya kutupa. Nimeimaliza hivi karibuni, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo naandika nilichokiona mwenyewe. Kwangu mimi inafaa, tena sana, kwa mtu anayetaka kuijua kazi ya picha. Anayetaka kufungua studio ya paspoti mwezi ujao aende kwa mafundi wa picha walioko mtaa wa Mwanga, hapa hapa mjini. Watamfundisha kwa muda mfupi na kwa hela kidogo zaidi.

Kwanza ujue kwamba kamera hutaishika mapema. Sisi tulianzia kwenye stoo ya zamani ya darasa la useremala. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa maboksi, mlango ukafungwa, Mwalimu akatoboa boksi moja kwa msumari. Tulikaa gizani na joto lile, wengine wakaanza kunung'unika kwamba hawakulipa ada wakafungiwe stoo. Macho yalipozoea, ukutani ukatokea uwanja wa chuo ukiwa umepinduka: mwembe matawi yake yananing'inia, mbingu ipo karibu na sakafu, na bodaboda akapita matairi yakiwa juu. Mle ndani hapakuwa na lenzi, kioo wala umeme. Mwalimu akaeleza kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo ule unaotoka juu ya mti ukipita tunduni unaangukia chini ya ukuta, na wa chini unapanda juu. Akatuambia pia kwamba Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili yapata miaka 1000 iliyopita. Kisha akaingiza kidole tunduni akalipanua. Picha ikawa na mwanga zaidi, ila kingo zake zikalegea, majani ya mwembe yakawa rundo moja la kijani.

Baadaye nilipokutana na f/2.8 na f/16 kwenye kamera, yaani namba za ukubwa wa tundu la lenzi, sikuhitaji kukariri. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi na kuacha sehemu ndogo tu ikiwa kali, tundu dogo hufanya kinyume chake. Wenzangu waliojifunza kwa video za simu wanazijua namba hizo vizuri, ila ukiwauliza kwa nini namba ndogo ndiyo tundu kubwa wanakwama.

Lakini somo lililonirudishia ada yangu yote ni la sura. Karibu kila nyumba hapa kwetu ina albamu ya harusi au ya mahafali ambayo mashati meupe yanameremeta na nyuso zimebaki nyeusi tii. Macho huyaoni, shangazi unamtambua kwa kitenge chake. Nimekua nikisikia wapiga picha wakisema tatizo ni weusi wa mtu. Mwalimu alipiga marufuku maneno hayo darasani. Alituonyesha kwamba kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipata. Ukikielekeza ziwani wakati jua limewaka, kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na mtu aliyesimama mbele ya ziwa anazama gizani pamoja na maji. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Unaongeza mwanga hatua moja, wakati mwingine mbili, ukiwa unaangalia uso. Ziwa litapauka, na uliache lipauke. Ukisogea karibu hadi uso mweusi ujaze fremu, kamera inakosea upande wa pili: inadhani giza limezidi, inaongeza mwanga, ngozi inatoka na rangi ya majivu. Hapo unapunguza.

Jambo hili lina historia, na nashukuru tulifundishwa bila kufichwa. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi iliyo sawa. Miaka ilipita, na malalamiko yaliyopata masikio yalikuwa ya watu wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa zinatoka vibaya kwenye matangazo. Niliposikia hayo nilikasirika kweli kweli, na hasira ile ilinisukuma kufanya mazoezi kuliko maneno yoyote ya kutiwa moyo.

Mazoezi yenyewe tuliyafanyia mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshushia dagaa. Ukitaka mtihani wa mwanga nenda pale asubuhi baada ya usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa hutegemea taa zao, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi. Mitumbwi imerudi, dagaa wameanikwa kwenye chanja na mchangani, rangi ya fedha kila upande, na jua limeshapanda. Kina mama wanaowageuza wameinama, nyuso zimetazama chini. Nilichokiona pale hakuna video iliyowahi kunionyesha: dagaa wenyewe wanarudisha mwanga juu. Mama akiinama karibu na chanja, mwanga unamwingia chini ya kidevu, unaingia hadi ndani ya macho, mikunjo ya paji la uso inaonekana vizuri bila flashi yoyote. Akinyanyuka tu, uso unafunikwa na kivuli cha kilemba. Kwa hiyo unasubiri ainame tena.

Mama mmoja alinisimamisha kabla sijanyanyua kamera. "Wewe binti, hiyo picha unaipeleka wapi? Kila siku mnakuja mnapiga, mimi sijaona hata moja."

"Shikamoo mama. Nikikupiga nitakuletea iliyosafishwa."

"Marahaba. Ukiileta, utanipiga tena."

Hiyo ndiyo sheria ya darasa: unaomba ruhusa kwanza, na uliyempiga lazima apate nakala mkononi. Mwalimu alitusomea pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, tujue kwamba sura ya mtu si mali ya mwenye kamera. Nilipompelekea yule mama picha yake, mikono ilikuwa na magamba, akaishika kwa ncha za vidole, akamwita jirani yake waitazame pamoja. Akasema, "Hapa nimefanana na marehemu mama." Nimepewa alama nzuri nyingi shuleni, hakuna iliyonifurahisha kiasi kile.

Ujiji tulikwenda kwenye makumbusho ya Livingstone na Stanley, mahali walipokutana mwaka 1871. Picha ya kamera ya siku ile haipo, dunia inaujua mkutano ule kwa michoro tu. Sisi tulikwenda kwa ajili ya miembe. Mchana chini ya mwembe panaonekana pazuri kwa picha, na ndipo wengi huwasimamisha maharusi, lakini mwanga unapenya kwenye majani na kumwagia mtu madoadoa, moja juu ya pua, jingine shavuni. Msogeze hadi ukingo wa kivuli, uso utazame nje kwenye uwazi, mwanga unatulia. Barazani mlangoni ni hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nikipita mtaani najikuta natazama watu waliokaa barazani na kujua nani yuko penye mwanga mzuri.

Hifadhi ya sokwe ya Gombe hatukwenda, gharama ya boti na kiingilio haikuwa ndani ya ada, ila tulizitazama picha zilizopigwa huko. Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe wa pale mwaka 1960, na mwaka 1962 National Geographic ikamtuma Hugo van Lawick, Mholanzi, akawapige picha. Fikiria mnyama mweusi, ndani ya msitu wenye kivuli, kwa filamu, bila skrini ya kuangalia umepata nini. Mtu akikwambia ngozi yako ni nyeusi mno kwa kamera yake ya leo, mkumbushe kwamba manyoya ya sokwe yalionekana unywele kwa unywele zaidi ya miaka 60 iliyopita, hapa hapa mkoani kwetu.

Kuhusu muda, usifuate ratiba za wapiga picha wa Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi mwa nchi, jua letu linachelewa kuzama kwa zaidi ya nusu saa kuliko lao, na linazama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Mwanga mzuri wa jioni hapa unaanza kama saa kumi na mbili na kuendelea hadi karibu saa moja. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri tafuta kivuli au kaa nyumbani.

Sasa upungufu, maana upo na mwenye kulipa ana haki ya kuujua. Kamera hazitoshi. Tulikuwa tunagawana watu wanne kamera moja, zote na lenzi ile ile ya 18-55 inayokuja na boksi, ambayo tundu lake halifunguki hadi huko, kwa hiyo f/2.8 tuliyofundishwa tuliiona kwenye ubao na kwenye kamera ya Mwalimu tu. Siku umeme ukikatika betri hazijajaa na kipindi cha vitendo kinageuka kipindi cha nadharia. Kuhariri picha kwenye kompyuta ndiko kulikoniuma zaidi: kulipangiwa nafasi kubwa kwenye fomu ya kujiunga, kukafundishwa kwa haraka mwishoni, na mashine nyingine zilikuwa nzito mno hazifungui hata picha tatu kwa pamoja. Memori kadi za chuo zinatumiwa na kila kundi, na kazi za watu zilifutwa. Hilo halikubaliki. Picha ya mtu aliyekubali kusimama mbele yako juani ni amana, chuo kinapaswa kuwa na mahali pa kuzitunza kabla kadi haijaenda kwa kundi jingine. Nililisema kwa uongozi kwa maandishi, nikaahidiwa litashughulikiwa.

Ada ilikuwa laki moja na nusu, bila gharama ya kusafisha picha. Tenga hela hiyo pembeni, maana ile sheria ya kumpa kila mtu nakala yake wanaisimamia kweli na ni sawa waisimamie.

Simu yako inatosha kwa mazoezi ya nyumbani. Gusa uso kwenye kioo, likitokea lile jua dogo pembeni livute juu au chini, ni kazi ile ile ya kitufe cha kujumlisha na kutoa. Nimemfundisha mdogo wangu wa darasa la sita kwa njia hiyo, na sasa bibi hataki kupigwa na mtu mwingine.

Ukienda kujiandikisha, omba kundi la asubuhi ili upate kwenda Kibirizi dagaa wakiwa bado wabichi. Nunua memori kadi yako mwenyewe, iandike jina kwa kalamu ya wino usiofutika, na mwisho wa kipindi usiiache ndani ya kamera.