Jozani na Ghuba ya Chwaka: safari ya kaskazi kwa familia

Kati ya Novemba na Machi, Ulaya ikiwa kwenye baridi kali, ndege wa huko hushuka hadi Ghuba ya Chwaka, Unguja. Kosa la wengi ni kwenda maji yakiwa makavu kabisa: vitwitwi na sululu huwa wametawanyika mbali, watoto wanaona vidoa tu. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa. Bahari yenyewe inawasogeza ufukweni. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) inatosha. Mtafute ndege aitwaye mla kaa, mweupe mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo.

Msitu wa Jozani uko karibu, na daladala za Makunduchi hupita langoni. Huduma ni nzuri, waongozaji wanaujua msitu. Ingia asubuhi, mchana kima punju hulala. Mtazame kiganja: vidole vinne, gumba limebaki kijinundu. Karibu na mashamba hula hata mkaa, unaopunguza sumu ya majani ya mikungu na miembe. Tafadhali msiwalishe wala kuwagusa, asili yao ni Unguja peke yake! Njia ya mbao ya mikokoni huteleza ikinyesha, vaeni viatu vya kushika.