MoodleBox kwa mafunzo ya kijeshi: kisanduku kizuri, ila saa yake itazameni

MoodleBox ni programu ya bure inayogeuza kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kuwa darasa na maktaba visivyohitaji intaneti. Kwa kambi kama Singo, wilayani Nakaseke, ambako vikosi vya UPDF, jeshi la Uganda, huandaliwa kabla ya kwenda Somalia, faida yake iko wazi. Kikosi kinachorudi kina ujuzi ambao kinachoondoka kinauhitaji, na kundi la WhatsApp halifai kuuhifadhi: somo zuri la leo kesho limefunikwa na salamu.

Kuiweka si kazi ngumu. Pakua faili, iandike kwenye kadi ya microSD ya GB 32 (GB 64 kama kuna video), ichomeke, washa. Utaona Wi-Fi iitwayo MoodleBox. Nywila ya mwanzo inajulikana na kila mtu, basi ibadilishe kabla ya yote. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja dhaifu ya simu itajizima na kujiwasha ovyo.

Kasoro inayosumbua zaidi ni saa. Pi 4 haina betri ya saa, kwa hiyo ikizimwa usiku kucha, asubuhi huendelea pale ilipoishia. Mtihani uliopangwa kufunguliwa saa mbili asubuhi haufunguki, na taarifa zinabeba tarehe za uongo. Nunua kipande cha saa kiitwacho DS3231, chenye betri ya CR2032, kipachike kwenye pini, kisha ongeza mstari huu katika config.txt, faili ya mipangilio iliyo kwenye kadi: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Usikiruke.

Wi-Fi ya ndani haibebi kombania nzima. Unganisha ruta kwa waya. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, inaweza kuharibika, basi weka betri ya akiba na uwe na nakala ya kadi.

Ndani yake, sehemu ya hifadhidata ndiyo yenye thamani kubwa. Tengeneza fomu ya maswali manne: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanye nini? Ijazwe kwa Kiswahili ndani ya saa 24 baada ya zoezi, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Washa kipengele cha idhini ili mkufunzi asome kila taarifa kabla haijaonekana. Bila mkufunzi huyo, fomu hujaa "zoezi lilikwenda vizuri", sentensi isiyomfundisha mtu chochote.

Usalama wake ni mdogo. Kadi haijafichwa kwa msimbo. Atakayeokota kisanduku atasoma vyote. Taarifa kwamba gari la pili liliachwa nyuma kwa sababu redio yake ilikuwa kwenye masafa mengine, hiyo iingie. Jina la barabara, saa ya msafara na idadi ya askari visiingie kamwe.